Monarchs ya London: kutoka Wembley mpaka Crystal Palace

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, kazi za zamu hizi zinamaliza mtu. Leo nimepata siku ya mapumziko, chai iko mezani, mvua inanyesha kama kawaida yake, basi tupige soga kidogo.

Jumapili iliyopita binamu yangu wa Tabata alinipigia simu huku anacheka. Alikuwa amewasha televisheni akitegemea kuona soka, akakuta uwanja wa Tottenham umejaa watu wamevaa helmeti, mabega yamevimba kama makabati. "Kaka, Spurs wamekuwaje tena? Wamefilisika mpaka wanakodisha uwanja?" Nikamwambia hapana, hao ni NFL, ligi ya Marekani, huwa wanakuja hapa kucheza mechi chache kisha wanarudi kwao. Ndipo akauliza swali lililonikalisha hapa leo: "Sasa London yote hiyo haina timu yake ya mchezo huo?"

Ilikuwa nayo, binamu. Iliitwa London Monarchs, yaani Wafalme. Ilichukua ubingwa Wembley mbele ya watu 61,108. Miaka saba baadaye ikafa kimya kimya, na wakati inakufa haikuwa hata na jina la London tena. Mimi mwenyewe sikuwahi kuiona, nilipofika nchi hii ilikuwa imeshazikwa. Habari zake nilianza kuzisikia kwa fundi umeme mmoja wa kazini kwetu, mzaliwa wa kusini mwa London, ambaye kila baridi ikianza anakuja na jaketi la Monarchs lililochakaa mpaka maandishi ya mgongoni yanasomeka nusu. Mimi humwita Mzee, na siku hizi hata Waingereza wenzake wanamwita Mzee bila kujua maana yake. Mwanzoni nilidhani jaketi ni la mtumba. Siku nilipomuuliza, chai ilipoa.

Kwa wale ambao hamjawahi kuutazama mchezo wenyewe, nieleze kwa kifupi. Mpira una umbo la yai, unachezwa kwa mikono. Timu inapewa majaribio manne kusogea yadi 10, ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa inaachia mpira. Yule anayepanga mambo na kurusha pasi anaitwa kwotabeki, ndiye anayelipwa sana na ndiye anayelaumiwa sana. Kutoka mstari wa goli mmoja mpaka wa pili ni yadi 100. Hiyo yadi 100 mnitunzie, tutaihitaji mbele.

Mambo yalianza na televisheni. Mwaka 1982 kilizaliwa kituo kipya hapa, Channel 4, kikawa kinatafuta vipindi ambavyo wengine hawana. Kikachukua mpira wa Kimarekani. Waingereza wengi wa miaka ile walikuwa wamelichoka soka lao: fujo majukwaani, maafa ya Heysel mwaka 1985, baadaye Hillsborough mwaka 1989. Huu mchezo mpya ukaonekana una rangi, una muziki, na baba anaweza kwenda na watoto asirudi na kichwa kilichopasuka. Agosti 1986 Chicago Bears na Dallas Cowboys walikuja Wembley kwa mechi ya kirafiki na watu zaidi ya 80,000 wakajaa. Bears ndio walikuwa mabingwa wa Marekani, na kwenye kikosi chao kulikuwa na jibaba moja, William Perry, lililobandikwa jina la Friji kwa ukubwa wake. Mkumbukeni huyo naye, atarudi.

Wakubwa wa NFL wakaona hapa kuna soko. Mwaka 1991 wakaanzisha ligi ya masika, ya kuchezwa wakati ligi yao kubwa iko likizo. Timu zilikuwa 10: sita za Marekani, moja ya Montreal kule Kanada, na tatu za Ulaya, yaani London, Barcelona na Frankfurt. Mechi ya kwanza kabisa ya ligi ilichezwa Frankfurt tarehe 23 Machi 1991, Monarchs wakawafunga wenyeji 24 kwa 11. Baada ya hapo hawakushikika. Katika mechi 10 walishinda tisa. Pale Wembley walikuwa wanaingiza watu zaidi ya 40,000 kwa wastani, idadi ambayo klabu nyingi za soka za wakati ule zilikuwa zinaiota tu.

Tarehe 9 Juni 1991 ikawa fainali, na bahati ikaangukia hapo hapo Wembley, nyumbani. Monarchs na Barcelona Dragons. Ikaisha 21 kwa 0. Kwotabeki wa London alikuwa Stan Gelbaugh, mtu ambaye timu za Marekani zilikuwa zimemzungusha bila kumpa nafasi, na mlinzi Dan Crossman alinyakua pasi tatu za Wakatalunya, moja akakimbia nayo mpaka kwenye goli. Mpiga mipira kwa mguu alikuwa Mwingereza, Phil Alexander, aliyetokea kwenye soka.

Mzee alikuwepo. Alikwenda na mtoto wake wa miaka tisa, na tiketi zote mbili anazo mpaka leo kwenye bahasha ndani ya droo. Anasema walipotoka uwanjani mtoto alimuuliza, "Mwakani tutakuja tena?" Akamjibu ndiyo, na akaona ni ahadi rahisi kuliko zote alizowahi kumpa.

Mwaka uliofuata wakaja tena kweli, ila timu ilikuwa nyingine. Kocha mpya, wachezaji wengi wapya, ushindi mara mbili tu, sare moja na vipigo saba. Kule Marekani watu hawakuitazama ligi yenyewe, na baada ya msimu wa 1992 wenye mali wakaisimamisha. 1993 hakuna mchezo, 1994 hakuna mchezo. Na hiyo miaka miwili haikuwa miaka ya kawaida kwa nchi hii. Agosti 1992 Ligi Kuu ya England ilianza, ile mnayoitazama vibandani kila Jumamosi. Viwanja vikawekwa viti, fujo zikapungua, pesa za televisheni zikamwagika. Wale waliokuwa wamelikimbia soka wakaanza kurudi mmoja mmoja. Kwa hiyo Monarchs walipoamka usingizini mwaka 1995, mji waliouacha haukuwa ule.

Ligi iliporudi ilikuwa ya Ulaya tupu, timu sita: London, Barcelona, Frankfurt, Amsterdam, Rhein Fire ya Düsseldorf na Scottish Claymores. NFL walishirikiana na kampuni ya televisheni ya Fox. Wembley haikuwa nyumbani tena. Monarchs wakapelekwa White Hart Lane kwa Tottenham, kaskazini mwa jiji. Na hapa ndipo ile yadi 100 inapokuja. Uwanja wa Spurs ulikuwa mfupi, majukwaa yalikuwa yamebana nyasi pande zote. Ikabidi timu iombwe ruhusa maalumu ya kucheza kwenye yadi 93. Yadi saba zilipotea hivi hivi. Mzee anacheka mpaka leo: anasema Mmarekani ambaye hupima kila inchi kwa mnyororo, alifika London akaambiwa leo tutapunguza kidogo, hakuna nafasi.

Wakafanya kila mbinu ya kuita watu. Mwaka 1996 wakamleta yule Friji, William Perry mwenyewe, sasa ameshamalizana na NFL. Watu walikwenda kumtazama kama unavyokwenda kumtazama mwanamuziki wa zamani, unapiga makofi, unarudi nyumbani. Mwaka 1997 wakahamishwa tena, safari hii Stamford Bridge kwa Chelsea, magharibi. Wakamchukua Clive Allen awe mpiga mipira kwa mguu. Wazee wa soka mnamkumbuka, yule mshambuliaji aliyeifungia Tottenham mabao 49 msimu wa 1986/87. Sasa fikirieni: mtu wa Spurs, anapiga mpira wa yai, uwanjani kwa Chelsea. Na mwezi Mei mwaka huo huo Chelsea wakachukua Kombe la FA, kombe lao kubwa la kwanza baada ya miaka 26. Mtaa mzima ulikuwa unaimba, lakini haukuwa unawaimbia Monarchs.

Misimu yote hiyo mitatu, 1995, 1996 na 1997, walishinda mechi nne na kupoteza sita. Si timu mbaya sana, si timu nzuri. Timu ya kusamehewa, kama ingekuwa na watu wa kuisamehe.

Sasa tufike 1998.

Ligi ilibadilishwa jina mwaka huo, ikawa NFL Europe. Na Monarchs nao wakabadilishwa. Wakaondoa neno London, wakaweka England. England Monarchs. Hesabu yao ilikuwa hivi: kama London inaleta watu wachache, basi tuifanye timu ya nchi nzima, tuizungushe, kila mji uone. Mechi tano za nyumbani zikagawanywa katika miji mitatu. London yenyewe walipewa Crystal Palace, Bristol wakapata Ashton Gate ambao ni uwanja wa Bristol City, na Birmingham wakapata Alexander Stadium.

Kwenye karatasi inaonekana akili. Birmingham kwa mfano haikuwa mji wa kubahatisha, ilikuwa na timu yake ya ridhaa, Bulls, iliyowahi kuwa bingwa wa Uingereza. Lakini watu wa Birmingham walikuwa na Bulls wao, waliowaona wakikua. Hawa Monarchs kwao walikuwa wageni kutoka London waliokuja kwa siku moja na jina jipya. Na watu wa London nao wakawa wanaambiwa mechi ya nyumbani iko kilomita 190 kutoka nyumbani. Ni kama mtu wa Ilala uambiwe Jumapili hii timu yako inacheza nyumbani, panda basi uende Morogoro. Utakwenda mara moja kwa mapenzi. Mara ya pili utaangalia nauli.

Crystal Palace naufahamu vizuri, nimekaa jirani nao miaka kadhaa. Si ule uwanja wa timu ya soka ya Crystal Palace. Ni uwanja wa riadha ndani ya bustani kubwa juu ya kilima, mahali ambapo wakimbiaji wa Kenya wamekanyaga mara nyingi. Kama uwanja wa riadha ni mzuri. Lakini njia ya kukimbilia inazunguka nyasi zote, kwa hiyo anayecheza yuko mbali na wewe, na watu wakiwa wachache sauti inapotea hewani. Alexander Stadium nao ni hivyo hivyo, wa riadha. Timu iliyokuwa inapigiwa kelele Wembley sasa inacheza katikati ya njia za kukimbilia, na wastani wa watu wake haukufika hata robo ya ule wa 1991.

Mzee alikwenda Crystal Palace mara moja msimu huo. Peke yake. Mtoto alikuwa na miaka 16 na alikuwa na timu ya soka na marafiki zake. Wala hakumlaumu. Anasema alijaribu kumkumbusha mambo ya Wembley, kijana akamuuliza swali moja tu: "Sasa hivi wanacheza wapi?" Na yeye baba akakaa kidogo kabla ya kujibu, kwa sababu ilibidi aangalie ratiba.

Swali hilo nimelifikiria sana, maana hata mimi miaka yangu ya mwanzo hapa nilihama vyumba mpaka barua za nyumbani zikawa zinanikosa. Hesabuni wenyewe: 1991, 1992, 1995, 1996, 1997 na 1998. Misimu sita. Wembley, White Hart Lane, Stamford Bridge, Crystal Palace, Ashton Gate na Alexander Stadium. Viwanja sita. Nani atakufuata?

Kocha wao wa mwisho alikuwa Lionel Taylor, na namtaja kwa makusudi kwa sababu naona historia imempita haraka. Huyu ni Mmarekani mweusi aliyechezea Denver Broncos, na mwaka 1961 alikuwa mchezaji wa kwanza wa kulipwa kudaka pasi 100 ndani ya msimu mmoja. Wakati ambapo makocha wakuu weusi kwenye NFL walikuwa wa kuhesabika, yeye alikuwa anaongoza timu yenye jina la England kifuani. Alishinda tatu akapoteza saba. Frankfurt, Rhein na Amsterdam walimaliza na ushindi saba kila mmoja, Barcelona wanne, England watatu, Scotland wawili. Fainali ikachezwa Frankfurt tarehe 14 Juni, Rhein Fire wakawachapa Galaxy 34 kwa 10. Kombe la Dunia la soka lilikuwa limeanza Ufaransa siku nne nyuma. Nani angeuliza habari za England ya mpira wa yai wakati England ya Shearer na Owen inajiandaa kucheza na Tunisia kesho yake?

Angalieni tena ule msimamo. Wa mwisho walikuwa Waskoti, si Monarchs. Scottish Claymores walibaki, wakaendelea mpaka 2004. Monarchs ndio waliofungwa. Kwa hiyo si kufungwa mechi kulikowaua. Baada ya msimu nafasi yao kwenye ligi ilipelekwa Ujerumani, na mwaka 1999 ikazaliwa timu ya Berlin Thunder. Berlin wakawa mabingwa 2001, 2002 na 2004. Waingereza wakapewa asanteni.

Kuna jambo moja ambalo bila kulieleza haya yote yataonekana ni uzembe tu wa kupanga viwanja. Ligi hii haikujengwa kwa ajili ya shabiki wa London wala wa Barcelona. Ilijengwa kama kitalu. Klabu za NFL zilikuwa zinatuma vijana ambao hawajaiva, wanacheza wiki 10, wanaondoka. Mchezaji uliyempenda Juni, Aprili inayofuata hayupo. Na kama kitalu ilifanya kazi vizuri sana! Msimu ule ule wa 1998, wakati England wanazungushwa Bristol na Birmingham, kwotabeki wa Amsterdam alikuwa Kurt Warner, mtu aliyewahi kupanga bidhaa kwenye rafu za duka kubwa kule Iowa kwa dola 5.50 kwa saa. Aliongoza ligi nzima kwa yadi za pasi. Msimu wa 1999 akawa mchezaji bora wa NFL, na Januari 2000 akachukua Super Bowl na St. Louis Rams. Monarchs nao walimpitisha Brad Johnson, mwaka 1995, na Januari 2003 akawa bingwa na Tampa Bay. Kwa mkulima wa kitalu hayo ni mafanikio. Miche imepandwa mahali pengine, imezaa. Kitalu chenyewe nani anakilinda?

Kwa hiyo shabiki hakuweza kushikamana na wachezaji, walikuwa wapita njia. Kilichobaki cha kushika ni mahali: uwanja wetu, jina la mji wetu, treni tunayopanda Jumapili. London walinyang'anywa hivyo vyote kimoja kimoja, na cha mwisho kilikuwa jina. Mimi naona hapo ndipo walipokata mzizi. Neno England lilikuwa kubwa mno, halikuwa la mtu yeyote. Mtu wa Bristol halimhusu, na mtu wa London ameporwa.

Tazameni Frankfurt, mpate kulinganisha. Galaxy walianza Waldstadion mwaka 1991, na jina lao na mji wao havikuguswa mpaka ligi inakufa. Katika misimu yote 15 ndio timu pekee iliyokuwepo mwanzo mpaka mwisho bila kukosa. Wajerumani walikuwa na sherehe zao nje ya uwanja kabla ya mechi, nyama zinachomwa, familia zinakaa mchana kutwa. Mchezaji akiondoka sherehe inabaki. Mtu wa Frankfurt akiulizwa na mwanawe wanacheza wapi, hana haja ya ratiba.

Na sisi tunalijua hili bila kufundishwa. Simba na Yanga kwa miaka mingi zimecheza kwenye viwanja vya serikali, uwanja si mali yao. Lakini Yanga ni Jangwani na Simba ni Msimbazi, wenyewe wana wanachama wenye kadi na midomo. Hebu aamke kigogo mmoja aseme mwaka huu Yanga itaitwa Tanzania na itachezea Mwanza, Iringa na Tanga. Hata sisi wa Simba tungeandamana, maana tungemcheka nani tena?

Baada ya Monarchs wengine wakafuata. Barcelona ilifungwa baada ya msimu wa 2003, Waskoti baada ya 2004. Kuanzia 2005 ligi ya Ulaya ilikuwa na timu tano za Ujerumani na Amsterdam. Mwaka 2006 wakabadilisha herufi moja, NFL Europa. Tarehe 23 Juni 2007 ilichezwa fainali pale pale Frankfurt, Hamburg Sea Devils wakawafunga Galaxy 37 kwa 28 mbele ya watu 48,125. Hamburg ndio waliokuwa wamerithi nafasi ya Waskoti. Siku sita baadaye, tarehe 29 Juni, NFL wakatangaza kuifunga ligi nzima. Ripoti za wakati ule zilitaja hasara ya dola milioni 30 hivi kwa mwaka. Kwa hiyo hata Frankfurt hawakupona, kukaa nyumbani hakukuwaokoa na hesabu za New York. Lakini wao walikufa wakiwa na watu 48,125 uwanjani, na mwaka 2021 ilipoanza ligi mpya ya Ulaya watu wakalifufua jina la Galaxy, pamoja na la Hamburg, Berlin na Barcelona. Galaxy hao wapya wakachukua ubingwa mwaka ule ule wa kwanza. Jina la Monarchs halikuguswa.

Oktoba 2007, miezi minne tu baada ya kuifunga ligi, NFL walirudi Wembley mpya na mechi ya kweli ya ligi yao, New York Giants na Miami Dolphins. Watu zaidi ya 81,000. Wamekuwa wakirudi tangu hapo. Na pale Tottenham, White Hart Lane ya zamani ilivunjwa, ukajengwa uwanja mpya uliofunguliwa 2019 mahali hapo hapo. Chini ya nyasi za soka kuna uwanja mwingine wa pili, wa mpira wa Kimarekani, uliojengwa makusudi. Nyasi za juu zinateleza zinaondoka, wa chini unajitokeza. Yadi 100 kamili. Ndiyo hiyo uliyoiona kwenye televisheni, binamu.

Yule mtoto wa Wembley sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Siku moja alimnunulia baba yake tiketi ya mechi hizo za Tottenham. Mzee akaenda na jaketi lake. Nilimuuliza Jumatatu mechi ilikuwaje. Akasema nzuri, uwanja mzuri, chakula ghali. Nikamuuliza alikuwa anashangilia timu gani. Akasema alijaribu mmoja, ikashindikana, akajaribu wa pili, mwisho akawa anapiga makofi tu kila mtu akipiga. Wakati wa mapumziko walisimama na mwanawe wakabishana jukwaa la zamani lilikuwa linaanzia wapi, kwenye zile yadi 93. Hawakukubaliana.

Nimemwomba anikopeshe zile tiketi za 1991 nizipige picha niwawekee hapa. Amesema atafikiria, bahasha ile haitoki droo hovyo. Shangazi, barua yako imefika, nitajibu mwisho wa wiki. Msalimieni Bibi.